Pilipili na kitunguu havikuguswa, ardhi ikaondoka: New Mexico kabla ya kuwa jimbo

Asubuhi ya tarehe 15 Agosti 1846, Jenerali Stephen Watts Kearny wa jeshi la Marekani alipanda juu ya paa la nyumba ya udongo katika uwanja wa mji wa Las Vegas. Siyo ile Las Vegas ya kamari na taa, iliyoko Nevada. Hii ni ya New Mexico, na wakati huo ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja tu, mji wa wafugaji na wakulima wanaosema Kihispania. Kearny aliwaambia watu waliokusanyika chini kwamba kuanzia siku ile hawako tena chini ya Meksiko. Aliwaahidi kwamba dini yao haitaguswa, na mali yao pia. Ili waelewe anamaanisha nini, akawatajia vitu vya jikoni kwao: hata pilipili moja, hata kitunguu kimoja, hakitachukuliwa na askari wake bila kulipiwa au bila ridhaa ya mwenyewe.

Ahadi ya pilipili na kitunguu sina sababu ya kuamini kwamba ilikuwa ya uongo. Ninachoona nikisoma historia ya New Mexico ni kwamba Kearny alitaja vitu vidogo mno. Zaidi ya miaka 65 ilipita kati ya hotuba ile na tarehe 6 Januari 1912, siku New Mexico ilipokubaliwa kuwa jimbo la 47 la Marekani. Vitabu vingi huielezea miaka hiyo kama kipindi cha kusubiri: watu walikuwa wachache, hawajui Kiingereza, siasa zao chafu, basi Washington ikavuta subira hadi wakomae. Mimi naiona tofauti. Katika miaka hiyo ardhi ya vijiji ilibadilisha mikono, na ilibadilisha kwa urahisi kwa sababu wenye ardhi hawakuwa na sauti kamili katika Bunge lililotunga sheria za ardhi yao.

Ili hoja hii isimame, inabidi turudi nyuma kwanza, maana hata hao waliokuwa uwanjani siku ile walikuwa wamekaa juu ya ardhi ya wengine.

Wenye nchi wa kwanza tunaowajua kwa majengo yao ni wazee wa Wapueblo. Huko Chaco walijenga nyumba za mawe za ghorofa kadhaa karne nyingi kabla Mzungu hajakanyaga pale. Na mgeni wa kwanza wa ng'ambo kufika hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwafrika, Esteban, mtumwa kutoka Azemmour katika pwani ya Morocco, aliyenusurika na wenzake watatu katika msafara wa Wahispania ulioangamia pwani ya Ghuba ya Meksiko, akatembea nao kwa miaka hadi Meksiko. Mwaka 1539 alitangulia mbele ya padri Marcos de Niza kuonyesha njia, akafika Hawikuh, mji wa Wazuni, akauawa huko. Mtu huyu angestahili makala yake peke yake.

Walowezi wenyewe walikuja mwaka 1598 chini ya Juan de Oñate. Kabla mwaka haujaisha, watu wa Acoma, mji ulio juu ya mwamba mrefu, walimuua mpwa wake Juan de Zaldívar na baadhi ya askari wake waliopanda kudai chakula. Januari 1599 Wahispania wakarudi na mizinga. Mamia waliuawa. Waliobaki walihukumiwa: wanaume wenye umri zaidi ya miaka 25 wakatwe mguu mmoja na kutumikishwa miaka 20, vijana na wanawake kuanzia miaka 12 nao watumikishwe miaka 20. Hukumu hiyo iliandikwa kwa utaratibu wote wa mahakama, na karatasi zake zipo hadi leo. Ndivyo sheria ya kuandikwa ilivyoingia New Mexico.

Wapueblo walivumilia miaka 80 ya kulipa mahindi na nguo, kufanyishwa kazi na kuchapwa kwa sababu ya dini yao. Mwaka 1675 gavana aliwakamata viongozi wa dini 47. Baadhi wakanyongwa, waliobaki wakachapwa viboko. Mmoja wa waliochapwa alikuwa Po'pay wa kijiji cha Wapueblo kiitwacho Ohkay Owingeh. Miaka mitano baadaye alituma wakimbiaji vijijini wakiwa na kamba zenye mafundo, fundo moja kwa kila siku iliyobaki. Kila asubuhi kijiji kinafungua fundo moja, na siku mafundo yanapokwisha watu wanainuka. Wakimbiaji wawili, Catua na Omtua, walikamatwa tarehe 9 Agosti 1680, kwa hiyo mapinduzi yakaanza kesho yake, mapema kuliko ilivyopangwa. Vijiji vilivyosema lugha mbalimbali, vingine vikiwa mbali na vingine kwa mamia ya kilomita, viliinuka pamoja. Wahispania kama 400 waliuawa, mapadri 21 wakiwemo, na wengine wapatao 2,000 wakakimbilia kusini hadi El Paso. Kwa miaka kumi na miwili Wapueblo walijitawala.

Diego de Vargas alipowarudisha Wahispania mwaka 1692, Uhispania ilikuwa imejifunza kitu. Mfumo wa kuwagawa Wapueblo kwa mabwana wa kulipwa kodi haukurudishwa kwa namna ya zamani, na vijiji vyao vilitambuliwa kuwa na ardhi yao. Walowezi nao wakaanza kupewa ardhi kwa makundi, na hapa ndipo panapohitaji kuangaliwa kwa karibu.

Mwaka 1794 familia 52, zikiongozwa na Lorenzo Márquez, ziliomba ardhi ukingoni mwa mto Pecos mahali panapoitwa San Miguel del Vado. Kati yao 13 walikuwa genízaro, yaani watu wenye asili ya makabila ya wenyeji waliolelewa utumwani katika nyumba za Wahispania. Wote kwa pamoja walikuwa na bunduki 25. Gavana aliwakubalia kwa masharti, na moja lilisema kwamba ardhi ile ni ya pamoja, siyo ya hao 52 tu bali na ya watakaokuja baadaye kujiunga nao. Kila familia ilipata kishamba chembamba kinachogusa mfereji wa maji, ambao huko huitwa acequia. Mfereji ulichimbwa na wote, ukasafishwa na wote kila majira ya kuchipua, na msimamizi wa maji, mayordomo, aliamua nani amwagilie lini. Kishamba ungeweza kukirithisha au kukiuza. Malisho, msitu wa kuni na mbao, na mabonde ya nyuma havikuwa vya mtu. Mwenye mbuzi wanne na mwenye kondoo mia nne walipanda kilima kimoja.

Msomaji aliyekulia kijijini ataelewa bila kuelezwa zaidi kwamba kishamba peke yake hakilishi familia. Bila malisho na kuni, kishamba cha mtoni ni bustani tu. Ni watu wa San Miguel ndio waliohamia kaskazini mwaka 1835 wakaanzisha Las Vegas kwa utaratibu uleule, chini ya serikali ya Meksiko iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1821. Wao na watoto wao ndio waliomsikiliza Kearny.

Gavana wa Meksiko, Manuel Armijo, alikimbia, na Santa Fe ikachukuliwa tarehe 18 Agosti bila risasi kupigwa. Wengine hukomea hapo wakaiita New Mexico nchi iliyopatikana bila damu. Siyo kweli. Januari 1847 watu wa Taos, Wapueblo na wasema Kihispania pamoja, walimuua gavana mpya Charles Bent nyumbani kwake. Jeshi likajibu kwa mizinga, likalibomoa kanisa la Taos Pueblo huku watu wamejificha ndani. Viongozi walionusurika walinyongwa, wengine kwa kosa la uhaini dhidi ya nchi ambayo hawakuwa wameapa kuitii.

Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848 ulimaliza vita kati ya Marekani na Meksiko. Marekani ililipa dola milioni 15. Katika rasimu, kifungu cha 10 kilisema wazi kwamba hati za ardhi zilizotolewa na Meksiko zitaheshimiwa. Seneti ya Marekani ikakifuta. Wajumbe wake walikwenda Meksiko kutoa maelezo ya kutuliza, kwamba kufutwa kwake hakumaanishi hati zimebatilika. Maelezo hayo hayakuwa sehemu ya mkataba. Kifungu cha 9 nacho kilisema watu wa nchi hii wataingizwa katika muungano kwa haki zote za raia wakati ufaao, na atakayeamua wakati huo ni Bunge la Marekani. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, kimoja kilichofutwa na kingine kisicho na tarehe, utaona kwa nini nakataa neno kusubiri.

California, iliyotoka katika mkataba huohuo, ilikuwa jimbo mwaka 1850. Ilikuwa na dhahabu, na Waanglo, yaani Wamarekani weupe wanaosema Kiingereza, walimiminika. New Mexico mwaka huohuo ilikuwa na watu 61,547, ikaandika katiba yake iliyokataa utumwa, ikapiga kura na kuomba ujimbo. Ilipewa hadhi ya Eneo. Maana yake gavana na majaji wanateuliwa na Rais, sheria za bunge lake zinaweza kufutwa na Washington, na mjumbe wake mmoja katika Bunge la Marekani anaweza kusema lakini hapigi kura. Nevada ilifanywa jimbo mwaka 1864. Mwaka 1900 Nevada ilikuwa na watu 42,335 na maseneta wawili. New Mexico ilikuwa na watu 195,310 na haikuwa na hata mmoja. Kwa hiyo hoja ya uchache wa watu naiweka kando.

Na chini ya utawala huohuo wa Washington, mwaka 1864 jeshi liliwatembeza Wanavajo, kabila jingine la wenyeji, kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, maelfu kwa maelfu, watu waliokuwa wamechomewa mashamba na kukatiwa mipichi yao. Zaidi ya 2,000 walikufa huko kwa njaa na maradhi kabla ya mkataba wa 1868 kuwaruhusu kurudi kwao.

Ardhi ya vijiji ilikwendaje? Ilikwenda kwa karatasi, na kila hatua ilionekana halali. Mwaka 1854 Bunge liliweka mpimaji mkuu wa kuchunguza hati za zamani. Hakuwa na mamlaka ya kuthibitisha. Aliandika mapendekezo, yakapelekwa Washington, na mengi yakalala huko miaka kwa miaka. Hati zenyewe zilikuwa za Kihispania, nyingine zimechakaa. Karibu mwaka 1870 wakati wa gavana William Pile, sehemu ya nyaraka za zamani za Santa Fe iliuzwa kwa wenye maduka kama karatasi chakavu za kufungia bidhaa. Watu walizunguka madukani kujaribu kuzirudisha, na baadhi hazikuonekana tena. Fikiria ushahidi wa shamba la babu yako umefungia sukari ya mtu.

Kijiji kilichotaka kutetea hati yake kilihitaji wakili. Kijiji hakina fedha taslimu, kina ardhi, basi wakili analipwa kwa sehemu ya ardhi, mara nyingi theluthi au zaidi. Sasa wakili amekuwa mmoja wa wenye ardhi ya pamoja. Sheria ya mwaka 1876 iliruhusu mmoja wa wenye hisa, hata awe peke yake, kwenda mahakamani kudai ardhi igawanywe. Na kama haigawanyiki vizuri, iuzwe yote na watu wagawane fedha. Kilima cha malisho hakigawanyiki vizuri. Kinapigwa mnada, na mwenye fedha mkononi siku ya mnada ni yule wakili au rafiki yake. Thomas Catron, kinara wa kundi lililojulikana kama Santa Fe Ring, alikuja New Mexico kijana bila mali, akafikia kumiliki au kuwa na hisa katika mamilioni ya ekari. Sitaki kusema Waanglo peke yao. Familia tajiri za Kihispania zilikuwa ndani ya mchezo huo, na baadhi ziliuza majirani zao.

Reli ilipofika mwaka 1879 na 1880 bei ya ardhi ikapanda, na haraka ya wanunuzi ikaongezeka. Wafugaji wakubwa wakaanza kuzungushia waya wa miba malisho ya pamoja ya Las Vegas. Mwaka 1889 wakaibuka Las Gorras Blancas, yaani Kofia Nyeupe, wapanda farasi waliofunika nyuso, wakiongozwa na Juan José Herrera na ndugu zake. Usiku walikata waya vipande vidogo visivyoweza kuungwa tena, wakaangusha nguzo, wakachoma mataruma ya reli. Machi 1890 walibandika mjini tamko lao: wanatetea haki za watu wote, hasa wanyonge. Serikali iliwaita wahalifu. Lakini ilikuwa vigumu sana kupata baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua hatia, la kuwatia hatiani, maana karibu kila mtu wilayani alijua ile waya ilikuwa imezungushiwa ardhi ya nani.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni wa kesi mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani, zilizopishana miaka kumi. Ya kwanza, mwaka 1887, ilihusu ardhi ya Maxwell. Hati ya Meksiko ilitolewa mwaka 1841 kwa watu wawili, na sheria ya Meksiko iliweka kikomo ambacho kwa watu wawili kingefika kama ekari 97,000. Kampuni iliyokuwa na wawekezaji wa Kiingereza na Kiholanzi ilidai ekari zaidi ya milioni 1.7. Mahakama ikasema Bunge lilikwisha kuidhinisha hati hiyo mwaka 1860, hivyo haiwezi kuchimbua zaidi, na kampuni ikabaki na ardhi yote. Ya pili, mwaka 1897, ilikuwa ya San Miguel del Vado. Wale wa familia 52, wa bunduki 25, wa sharti la kuwapokea watakaokuja, walidai kama ekari 315,000. Mahakama ikasema malisho ya pamoja yalikuwa ya mfalme wa Uhispania daima, kijiji kilikuwa kikiyatumia tu, kwa hiyo sasa ni ya serikali ya Marekani. Wakabakiziwa vishamba vya mtoni, kama ekari 5,000.

Kisheria kila hukumu ina mantiki yake. Nikiziweka pamoja naona kwamba kampuni ilisaidiwa na Bunge lililopitisha hati yake mapema, na kijiji kikaangushwa kwa kukosa kusikilizwa mapema. Mahakama maalumu ya hati za ardhi, iliyofanya kazi kuanzia 1891 hadi 1904, ilipokea madai ya New Mexico yaliyofika kama ekari milioni 35, ikathibitisha kama milioni 2. Mengi ya madai hayo yalikuwa ya ulaghai na yalistahili kutupwa. San Miguel haikuwa ya ulaghai.

Katika hali hiyo, Novemba 1902, Seneta Albert Beveridge wa Indiana alishuka na wenzake Las Vegas, mji uleule wa paa la Kearny. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti kuhusu maeneo, amekuja kuona kama watu hawa wanafaa. Alihoji majaji, walimu, wakalimani wa mahakama na walioandikisha sensa. Swali lililorudi tena na tena lilikuwa la lugha: mahakamani mnatumia mkalimani? Baraza la mahakama linaelewa Kiingereza? Watoto wakitoka shule wanaongea nini mtaani? Ripoti yake ya Desemba ilisema wengi wa watu hawa wanasema Kihispania tu na hawako tayari.

Mimi ninayeandika haya kwa Kiswahili, lugha ninayofanyia kazi kutwa nzima, siwezi kuisoma orodha ile ya maswali bila kuguswa. Mkalimani mahakamani ni dalili kwamba mahakama inajitahidi kuwafikia watu wake. Beveridge alimgeuza kuwa dalili ya upungufu wa watu. Na katika ripoti hiyo swali la ardhi, ambalo wenyeji walilala na kuamka nalo, halikuwa na uzito wa swali la lugha.

Haki yake nimpe. Kulikuwa na sababu nyingine za kuchelewa. Vyama viwili vya Washington vilihesabu maseneta wapya watakuwa wa nani. Rushwa ya Santa Fe Ring ilikuwa kweli. Na mwaka 1890 wapiga kura wa New Mexico wenyewe walikataa rasimu ya katiba kwa kura 16,180 dhidi ya 7,493. Katika kukataa huko kulikuwa na hofu ya Wakatoliki juu ya shule za serikali zisizo za dini, na shaka kwamba rasimu imeandikwa na wenye ardhi kubwa kwa faida yao. Sababu hiyo ya pili inaniunga mkono: watu walijua ujimbo mikononi mwa kina Catron ungekuwa ujimbo wa nani.

Mwaka 1906 Washington ilijaribu kuziunganisha New Mexico na Arizona ziwe jimbo moja liitwalo Arizona. New Mexico ilikubali kwa kura 26,195 dhidi ya 14,735. Arizona, iliyokuwa na Waanglo wengi, ikakataa kwa kura 16,265 dhidi ya 3,141.

Hatimaye sheria ya kuruhusu katiba ilitiwa saini na Rais William Howard Taft tarehe 20 Juni 1910, ikiwa na sharti kwamba viongozi na wabunge wa jimbo wajue Kiingereza bila msaada wa mkalimani. Wajumbe 100 walikutana Santa Fe Oktoba hadi Novemba, na kama theluthi yao walikuwa na majina ya Kihispania. Walichofanya nakiheshimu sana. Waliandika kwamba haki ya kupiga kura, kushika madaraka na kukaa katika baraza la mahakama haitazuiwa kwa sababu ya dini, rangi, lugha, wala kutojua kusema, kusoma au kuandika Kiingereza au Kihispania. Watoto wa asili ya Kihispania hawatatengwa katika shule zao pekee. Kisha wakafunga mlango kwa kufuli: vifungu hivyo visibadilishwe ila kwa robo tatu ya wapiga kura wa jimbo zima na theluthi mbili katika kila wilaya. Waliwajua walio nje ya mlango.

Wapueblo na Wanavajo hawakufunguliwa mlango huo. Katiba iliwanyima kura waliojulikana kama Wahindi wasiolipa kodi, na wanawake walipewa kura za shule tu. Mwaka 1948 Miguel Trujillo wa Isleta Pueblo, mwalimu aliyetumikia kikosi cha Marine katika vita vya pili vya dunia, alikataliwa kuandikishwa, akaenda mahakamani, akashinda. Ukoo wa waliofungua mafundo mwaka 1680 ulipata kura miaka 36 baada ya jimbo kuzaliwa.

Taft alitia saini mchana wa tarehe 6 Januari 1912, akawaambia wajumbe waliosimama mbele yake kwamba amefurahi kuwapa uhai na anawatakia afya. Kaskazini mwa jimbo, sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa malisho ya vijiji ilikwisha kuwa mali ya serikali kuu au ya kampuni, na leo nyingi imo ndani ya misitu ya taifa ya Carson na Santa Fe, ambamo mfugaji huomba kibali na kulipa ada kwa kila ng'ombe. Kando ya Pecos mifereji bado inatiririka. Kila majira ya kuchipua watu hutoka na majembe kusafisha acequia, mayordomo hupanga zamu, na maji huingia katika vile vishamba vyembamba vilivyobakizwa mwaka 1897. Humo hupandwa pilipili.